Mafuta ya Papa kwenye Bushi

Paka ndio waliotangulia kujua kwamba gari letu lina kasoro. Kila alasiri nikirudi kutoka sokoni Garsen nawakuta wamejilaza chini ya gari upande wa mbele, wengine hata si wa mtaa wetu, wanalamba vyuma. Nawafukuza kwa ndara, wanaruka ukuta. Nikiingia ndani tu, wamerudi. Jirani yangu, mama wa Kiorma anayeuza maziwa, akaacha kupitia uani kwetu. Aliniambia wazi, "Mama, hii gari yenu iko na kitu. Paka haikai mahali bure."

"Kitu chenyewe ni mume wangu," nikamjibu, na tukacheka. Lakini hakupita tena.

Mume wangu ni mtu wa Kipini kama mimi, na ukoo wao ni mafundi wa mashua tangu mababu. Kwao hakuna maradhi yasiyotibika kwa sifa, yale mafuta yanayoyeyushwa kutoka maini ya papa na kupakwa mbao za mashua zisioze. Yananuka, we acha tu! Mlango ukilia, sifa. Baiskeli ikikwama, sifa. Siku moja goti lilikuwa likiniuma akanijia na kopo lake, nikamwambia akinigusa nayo atalala jikoni na masufuria. Akaondoka ananung'unika kwamba mimi sijui dawa.

Basi gari letu, lile kuukuu la kuvuta kwa magurudumu yote manne ambalo ndilo hutuletea samaki na abiria kutoka Kipini, lilianza kelele upande wa mbele. Kwenye mashimo linagonga, ko, ko, na ukilipeleka polepole kwenye tuta linalia kama kitanda kibovu. Abiria wakawa wanatazamana. Mume wangu akaingia uvunguni na brashi, akapaka sifa kila alipoona mpira, juu na chini, mpaka inadondoka. Kesho yake kimya. Tulikwenda hadi Minjila na kurudi, halikulia hata mara moja.

"Limenyamaa," akasema, kidevu juu. "Mafundi wa Garsen wangetaka kulifungua lote."

Mimi sina elimu ya magari, lakini macho ninayo. Juma baada ya juma niliona tairi la mbele kushoto linalika upande wa ndani, linalika hadi nyuzi zinachungulia. Na kila alipofunga breki gari lilivuta pembeni, kidogo tu, kama mtu anayekuvuta shati. Nilipomwambia, akasema ni barabara. Huyu mume wangu kila kitu kwake ni barabara. Nikamwambia gari lililokuwa likilia sasa linatuendea upande bila kusema, na mimi hilo la pili ndilo linalonitia hofu. Akasema nina wasiwasi wa kike. Lahaula, nilitamani kumrushia mwiko.

Sasa, wakati huohuo, binti yetu mkubwa alikuwa Chara, ameolewa huko na mkulima, na ana mimba ya kwanza. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Mume wake alikuwa Mombasa kwenye kibarua, kwa hiyo sisi ndio wa kwenda kumchukua, na tulikuwa tumepanga kumchukua taratibu, mwezi ukikaribia. Mto ndio haukutaka taratibu.

Maji ya Tana hayaji na mvua yetu. Kwetu jua linawaka, kuku wanajichimbia vumbi, na mto unapanda. Asubuhi unaenda kuteka, jiwe ulilokanyaga jana halipo. Povu la kahawia linapita, na magogo, na mara mbuzi mzima amevimba, miguu juu. Redio ikasema maji ya juu yanakuja. Sikuhitaji redio. Niliona Waorma wanapitisha ng'ombe katikati ya mji kutoka delta kwenda nchi ya juu, na haukuwa msimu wake, na hawakuwa wanapiga kelele wala kuimba. Watu wanaopitisha ng'ombe bila kelele wanaogopesha. Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu, mtoto aletwe kesho.

"Kesho nitakwenda," akasema.

"Na gari hilo? Huendi. Kwanza lipite kwa fundi. Mimi sitampakia mwanangu na tumbo lake kwenye gari linalovuta pembeni, tena juu ya lile tuta la udongo la kwenda Chara, maji huku na huku."

Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwisho akasalimu amri, lakini kwa sharti lake: gari liende kwa fundi asubuhi, na mdogo wake aende Chara na gari lake. Shemeji yangu huyo ana gari kama letu, aina moja, rangi tu ndiyo tofauti, lake jeupe. Ni kijana mcheshi, mwenye heshima, ambaye akinipigia simu huanza na salamu za nyumba nzima hadi za kuku. Nilifurahi. Niliona mwanangu yuko mikononi mwa mtu mwangalifu, kwenye gari zima. Alfajiri alipita kwetu kuchukua chupa ya chai, akapiga honi, akasema, "Shemeji, pika wali, mchana unaye mwanao." Lilikuwa gari kimya. Hata geti halikusikia lilivyoondoka.

Fundi tuliyempelekea ni mtu wa Madogo, mrefu, msemaji, anayejisifu hata akifunga nati moja. Anafanyia kazi chini ya kivuli cha mabati nyuma ya kituo cha mafuta. Alilipandisha gari kwa jeki, akaweka vigogo chini ya fremu, akatoa magurudumu ya mbele, kisha akaingiza chuma kirefu kwenye kiungo na kukikandamiza. Mkono wa chuma unaoshika gurudumu ukacheza ndani nje, ndani nje. Mahali mkono huo unapofungwa kwenye gari pana bushi, yaani bomba la chuma lenye mpira mgumu ndani, na mpira huo ndio unaotakiwa kuushika mkono usitangetange. Hata mimi niliona kwamba haukuwa umeshikwa na kitu.

Alipofungua bolti na kuuchomoa mkono wa upande wa kulia, alitia kidole kwenye bushi na kidole kikazama. Akatoa bonge jeusi, linavutika, linang'aa. Akalinusa. Akanitazama mimi, halafu akamtazama mume wangu.

"Nani alipika samaki huku?"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Muulize huyo bwana, fundi wa mashua."

"Mzee, ulipaka mafuta ya samaki? Kwa mpira?" Fundi akaketi kabisa chini. "Wallahi sijaona. Mpira inakula mafuta inavimba, inakuwa laini, inakuwa uji. Ndiyo maana haipigi kelele. Kelele ni chuma inagonga, mpira kavu inalia. Sasa hapa hakuna kavu, hakuna kulia. Na bolti imeanza kukata tundu. Ona. Siku moja mkono inatoka yote, gurudumu inalala, wewe huko ndani unaimba tu."

"Umesikia?" nikamwambia mume wangu. "Wasiwasi wa kike, eti. Sema tena ni barabara! Hebu sema!" Nilikuwa nimewaka. Nilikuwa na maneno ya miezi na sasa nimepata pa kuyamwaga, nikamwaga. Ilinichukua muda kuona kwamba hanijibu. Mume wangu hujibu. Hata akikosea hujibu, ndipo hasa hujibu. Sasa alikuwa amesimama na kofia mkononi, na rangi ya uso wake imemtoka.

"Una nini?"

Akasema polepole, "Nilimpa na yeye."

"Ulimpa nani, nini?"

"Mdogo wangu. Lake pia lilikuwa likilia. Nilimpakia mimi mwenyewe, kabla ya hili letu."

Kabla ya hili letu. Gari lile jeupe lililoondoka kimya alfajiri, ndilo nililokuwa nimelifurahia.

Tukapiga simu. Ya shemeji inaita, inaita, haishikwi. Ya binti haipatikani. Chara mtandao ni wa bahati, siku nyingine ningesema wamo njiani. Tukapiga tena. Ikaita, na safari hii ikakatika katikati, na baada ya hapo yake pia ikawa haipatikani. Nikamwambia fundi afunge gari twende.

"Nifunge na nini, mama? Na uji?"

Mume wangu alikimbia kwa wauza vipuri. Nilibaki nikizunguka, kila gari linalopita natoka barabarani kulitazama. Nilijaribu kumpata mtu wa kutupeleka. Wenye pikipiki walikataa, wakasema udongo wa huko umeshaloa, na wenye magari makubwa walikuwa wameyapeleka kuhamisha watu wao. Mwenye lori mmoja aliniambia, "Mama, huko mimi siendi leo hata kwa mamangu." Alisema bila ukali, na hilo lilinitia baridi zaidi.

Mume wangu akarudi na bushi mpya kwenye mfuko wa karatasi, anahema. Fundi alikuwa ameshachoma zile kuukuu za kulia. Alizitia moto ndani ya mkono wa chuma, mpira ukawaka kwa moshi mweusi wenye harufu ya samaki wa kuungua, na paka wa kituo cha mafuta wakatoka kila upande wakakaa kwa mbali, wanatazama. Sikuweza kuwaangalia. Akayagonga mabomba yakatoka, akasugua chuma, akapaka bushi mpya maji ya sabuni, akazikandamiza kwa vaisi, kile kibanio cha chuma, taratibu.

"Mpira haitaki mafuta," akasema. "Inataka sabuni na maji, ikikauka inashika."

"Fundi, fanya kazi," nikamwambia. "Darasa baadaye."

Upande wa kulia uliingia vizuri. Wa kushoto bolti ilikuwa imegandana na bomba lake, haitoki. Akaigonga. Akaimwagia dizeli. Akachukua msumeno wa chuma akaanza kukata, na ule mlio wa msumeno, jamani, uliniingia mpaka kwenye meno. Mume wangu akamnyang'anya akakata yeye, mpaka kiganja kikatoka damu, na hakusema neno. Kwa wakati huo jua lilikuwa limeshapita utosini na shemeji alipaswa kuwa amefika Garsen. Wali nilikuwa sijapika. Nilikumbuka wali, sijui kwa nini, nikaanza kulia.

Bolti ikakatika. Nyingine ikapatikana kwenye mabaki ya lori. Fundi akatia bushi mpya huko pia, akaurudisha mkono, akapachika bolti, akaizungusha nati kwa vidole, akaacha.

"Kaza!" mume wangu akapiga kelele. "Kaza twende!"

"Sikazi juu ya vigogo."

"Fundi, mtoto wangu yuko njiani!"

"Ndiyo sababu sikazi. Magurudumu inaning'inia hapa. Nikikaza sasa, mpira inashika ikiwa imejikunja hivi. Gari ikishuka chini na uzito yake, mpira inajisokota, inapasuka. Utafika nusu ya njia, utakuwa kama ndugu yako." Alijuta neno hilo mara tu lilipomtoka, nikaona. "Nishushe kwanza isimame. Halafu nakaza."

Mume wangu alikuwa anataka kumpiga. Nikasimama katikati yao. "Leo utafanya anavyosema fundi," nikamwambia, "na kopo lako la sifa nikilikuta nyumbani nalitupa chooni." Wakashusha gari. Fundi akalitikisa, akaruka juu ya bampa ya mbele likae sawa, kisha akalala chali kwenye tope na kukaza kila bolti, anaguna. Alipotoka hakufuta hata uso. Aliokota jeki, spana na kamba, akapanda nyuma. Hatukuwa tumemwomba.

Gari lilikwenda sawa. Breki zikishikwa linasimama palepale, usukani haumhangaishi mume wangu, nami nilichukia jinsi lilivyokuwa zuri. Tuliacha lami, tukaingia barabara ya udongo, na baada ya mwendo tukawa juu ya tuta. Mashamba ya mpunga huku na huku yalikuwa yamegeuka maji, si mengi, ya magotini, lakini yanatembea. Ukiyatazama sana unahisi ni tuta linalotembea. Watu walikuja kinyume chetu kwa miguu, mikeka kichwani, kuku mikononi, mzee amebebwa kwenye kiti. Hakuna gari lililokuja.

Nikamwuliza mama mmoja, "Mmeona gari jeupe?"

"Lilipita asubuhi kwenda," akasema. "Kurudi hatujaliona."

Mume wangu akasema, "Pengine bado wako Chara. Pengine mtoto amekataa kutoka bila vyombo vyake." Nilikuwa nikisoma kila sura ya Kurani niliyojaliwa kuijua, na zikinichanganyikia narudi mwanzo.

Tuliliona kwenye kona, pale tuta linapobana. Nyuma yake tu ndiyo iliyokuwa juu. Pua imeingia kwenye maji, na gurudumu la mbele kushoto limelala chini ya gari, limetazama juu, kama alivyosema fundi. Nilishuka kabla hatujasimama. Nilianguka, nikainuka, nikaita jina la mwanangu kwa sauti ambayo sijui nimeitoa wapi.

Akaitika. Alikuwa amekaa upande wa pili wa tuta juu ya begi lake, tope hadi kifuani, na wanawake wawili wa shambani wamemshika mabega. Nikamshika uso, nikamshika mikono, nikamwekea kiganja tumboni. "Anacheza, mama," akasema. "Tangu tuanguke hajaacha kucheza." Na kweli, kitoto kikanipiga kiganjani, kikali, kwa hasira kama ya bibi yake. Nikasujudu palepale kwenye tope.

Shemeji ndiye aliyeumia. Gari lilipolala mlango ulifunguka, mguu wake ukabanwa kati ya mlango na ukingo wa tuta, na alikaa hivyo, maji yakimpanda kiunoni, akimwinua binti yangu kwa mabega yake atoke dirishani, hadi watu wa shambani walipowasikia. Walikuwa wamemvuta juu na kumlaza kwenye majani. Mguu chini ya goti haukuwa umeelekea unakoelekea mguu. Fundi aliufunga kwa vipande viwili vya mti na kamba yake, na shemeji hakulia, aliuma ncha ya shati.

Tulimlaza nyuma ya gari letu juu ya leso zangu, kichwa kwenye mapaja ya fundi. Binti nikamkalisha mbele, mimi nikabanana naye. Mume wangu alikuwa ameshika usukani lakini hajawasha. Tangu tufike alikuwa amefanya kila alichoambiwa na hakuwa amemtazama mdogo wake usoni.

"Kaka," shemeji akaita.

"Niko hapa."

"Nisamehe, kaka. Ni mimi. Niliona maji yanapanda, nikaenda mbio. Gari lilikuwa limetulia kabisa, halikulia hata kidogo, nikadanganyika. Ulinikabidhi mwanao na mimi nikamtupa mtoni." Sauti ilikuwa inamkatika. "Ungekuja wewe yasingetokea haya. Nisamehe. Usinifiche kama una kinyongo."

Nikageuka nikamtazama mume wangu. Kwenye kioo nilimwona fundi, naye anamtazama. Binti yangu hakujua lolote, alikuwa anajifuta tope kwenye nyusi. Nilingoja. Nilijua neno moja tu lilitosha, na kwamba halikuwa langu la kusema, na nikamngoja mume wangu kwa moyo wangu wote, kwa miaka yote niliyokaa naye, aliseme.

Akasafisha koo.

"Nimekusamehe," akasema.

Akawasha gari. Nyuma huko shemeji yangu alipumua kwa nguvu, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ahsante, kaka," akasema.